Mzee wetu, fimbo haimfungui mtoto mdomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba watoto wa siku hizi wamezubaa madarasani kwa sababu sisi walimu tumeogopa kushika fimbo. Mzee wangu, shikamoo. Barua yako ilisomwa kwa sauti ofisini kwetu wakati wa chai, na baadhi ya wenzangu wakaipigia makofi. Mimi sikupiga. Nafundisha Darasa la Tatu katika shule moja ya serikali huku Maswa, mkoani Simiyu, na hao unaowaita waliozubaa ndio ninaoshinda nao kutwa.

Kwanza tujue tunamzungumzia mtoto yupi. Kila darasa lina kikosi cha mbele. Hao hata swali hujalimaliza wameshasimama nusu, wanadata vidole karibu na pua yako: "Mimi mwalimu! Mimi mwalimu!" Wengine jibu hawana, wanapenda tu kuitwa. Katikati wapo wanaokwenda na wenzao. Nyuma, hasa pale dawati linapogusana na ukuta, wapo waliojikunyata. Ukimwita jina anasimama. Ukimuuliza anatazama chini. Ukirudia swali anashika kifungo cha shati na kukizungusha. Hakubali, hakatai, hasemi. Huyo ndiye ambaye mzee wetu anataka achapwe.

Na kwa kuwa sheria umeigusa, tuiseme yote. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa la nidhamu, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike pale mwalimu wa kike alipo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kukosa saba mara sita si kosa kubwa la nidhamu. Fimbo inayolala juu ya meza ya mwalimu kuanzia asubuhi, ikimsubiri atakayekosea hesabu, haina kanuni iliyoiweka pale.

Lakini sikukusudia kuandika juu ya sheria. Nataka kusema juu ya kelele.

Mzee, wewe umefundisha, unaijua hii. Mwalimu anauliza, "Kumi na tano ukitoa saba unabaki na na...?" Darasa zima: "Naneee!" Mwalimu: "Mnyama anayetupa maziwa ni ng'o...?" Darasa: "Ng'ombeee!" Mwalimu: "Tumeelewana?" Darasa: "Ndiyooo mwalimu!" Mzazi anayepita njiani na baiskeli yake anajisemea moyoni, hapa watoto wanasoma. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, aliyekaa nyuma na fomu yake anaandika kwamba wanafunzi wameshiriki vizuri. Nenda sasa usimame karibu na yule wa ukutani wakati wenzake wanaitikia. Umtazame midomo. Inafunguka baada ya midomo ya wenzake kufunguka. Silabi ya kwanza umempa wewe, ya pili ameipokea kwa jirani, na yeye hakuweka kitu. Anaweza kuishi hivyo mpaka Upimaji wa Darasa la Nne, na siku hiyo karatasi haiitikii kwa pamoja.

Kwa hiyo nasema hivi: watoto wengi tunaowaita wazito tumewaficha sisi wenyewe, kwa namna tunavyouliza maswali. Fimbo haiwezi kuwatoa mafichoni, kwa sababu ndiyo iliyowafanya watafute mahali pa kujificha.

Mimi kwetu ni Korogwe. Anayenijua atakwambia mdomo wangu haukauki. Nilipopangiwa kazi huku Usukumani nilikwenda mnadani kununua dagaa, wale kina mama wakaniamkia "Mwangaluka", nikajibu kwa kubahatisha, wakaniuliza jambo jingine kwa Kisukuma, na ghafla mimi msemaji nikawa bubu. Nikawa naonyesha sado kwa kidole. Waliponicheka, wala hawakucheka kwa ubaya, nilitamani niondoke bila dagaa. Bei nilikuwa naijua, hesabu nilikuwa naijua, hela ninayo mkononi. Angetokea mtu wakati ule akasema huyu mwalimu hajui kujumlisha, angekuwa na ushahidi wote wa macho.

Sasa chukua mtoto wa miaka minane au tisa. Nyumbani ni Kisukuma, kisimani Kisukuma, machungani na ng'ombe Kisukuma. Kiswahili kinaishi shuleni na redioni. Swali linatoka kwa mwalimu kwa Kiswahili cha haraka. Inambidi alielewe, alifanyie kazi, kisha atafute Kiswahili cha kulijibia, na akikosea ngeli tu kikosi cha mbele kinaangua kicheko. Wakati yeye bado yuko njiani na swali, mwalimu ameshanyoosha chaki kwa mwingine. Akifanyiwa hivyo mwaka wa kwanza na wa pili, huo wa tatu atakuwa mjinga kama ataendelea kujaribu.

Mtafiti mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, alikaa kwenye madarasa miaka ya 1970 akapima muda ambao mwalimu humwachia mwanafunzi baada ya kuuliza swali. Akakuta ni kama sekunde moja. Walimu waliposubiri sekunde tatu, watoto walianza kutoa majibu marefu zaidi, na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Hilo tulifundishwa chuoni, tukaliandika kwenye daftari, tukalijibia mtihani. Kulifanya darasani ni kazi nyingine. Sekunde tatu za kimya mbele ya darasa ni ndefu, mwalimu anahisi kama amesahau somo. Mimi huhesabu kwa vidole nikiwa nimeficha mkono mgongoni, na kabla ya kuhesabu nimeshatoa amri: "Mikono chini, vichwa juu." Hakuna kudata vidole. Wale wa mbele walinuna sana mwanzoni. Mmoja aliniuliza kama nimeacha kumpenda.

Baada ya kimya hakuna kuitwa mtu bado. "Mwambie jirani yako." Hapo mtoto anamwambia jirani kwa lugha yoyote inayomjia. Najua wapo walimu watakaoshtuka. Lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za serikali ni Kiswahili, na mimi sifundishi Kisukuma, wala sikijui cha kutosha kukifundisha. Lakini dakika moja ya minong'ono ya watoto wawili haijavunja sera yoyote. Kuna shule, siitaji, ambako mtoto akiteleza akasema neno la nyumbani anavalishwa kibao shingoni mpaka atakapomkamata mwenzake aliyeteleza vile vile. Mtoto wa namna hiyo atajifunza Kiswahili kidogo sana na atajifunza kunyamaza vizuri sana.

Hatua inayofuata ndiyo inayonipa raha kuliko zote. Nina binti mmoja wa dawati la mwisho, mrefu kuliko wenzake, anayefika shuleni akiwa ameshachota maji. Kumuuliza "wewe unasemaje?" ilikuwa ni kumfunga. Kichwa kinazama, kiwiko kinafunika uso. Nikaanza kumuuliza, "Jirani yako amesemaje?" Hilo alilijibu. Kwa sauti ya chini, lakini alilijibu, sentensi nzima: "Amesema ukigawa mahindi hayo kwa watu wanne kila mtu anapata matano." Tazama ujanja uliomo. Jibu likiwa baya ni la jirani, yeye ni mpeleka habari tu. Aibu haimpati. Na ili apeleke habari ilimlazimu asikilize, aelewe, aiweke katika Kiswahili chake. Siku nyingine nikamuuliza, "Na wewe umekubaliana naye?" Akatikisa kichwa kukataa. Kwa nini? Akasema mahindi hayatoshi. Jirani yake akageuka kumtazama kwa mshangao, maana wamekaa dawati moja tangu mwaka uanze na hakuwahi kupingwa. Kubishana kwao kulichukua muda, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Niongeze la isolo, kwa sababu mzee wetu ameandika kwamba watoto wanapoteza akili kwenye michezo. Isolo ndiyo bao letu huku. Wachungaji wanachimba safu nne za mashimo manane chini ya mti, kete ni kokoto au mbegu. Yupo kijana wangu ambaye siku za mnada haonekani, na akija ananuka maziwa na moshi, na darasani alikuwa hana habari na mtu. Nikawatoa nje nyuma ya darasa tukachimba mashimo, nikawaambia leo Hisabati iko hapa chini. Nikauliza: shimo la tatu lina kete sita, ukizitoa na kupanda moja moja kwenda kulia unaishia wapi? Wale wa mbele wakaanza kugusa mashimo kwa kidole, moja, mbili, wakipotea kwenye kona. Yeye hakugusa kitu. Alichuchumaa, akatazama, akaonyesha shimo la kwanza baada ya kugeuka kona. Nikajaribu jingine gumu zaidi, akaonyesha. Nikasema eleza umejuaje. Akaanza kwa Kisukuma, jirani akatafsiri, katikati akamkatiza jirani kwa Kiswahili kwa kuwa alikuwa anamtafsiri vibaya.

Kutoka hapo tebo ya nane ilikuwa mteremko. Safu moja ni mashimo manane. Upande wa mchezaji mmoja ni safu mbili, 16. Bao zima safu nne, 32. Ukianza na kete mbili kila shimo unahitaji 64. Tulirudi ndani tukaandika ubaoni kile tulichokwisha kukiona chini. Nisitie chumvi: kijana huyo kusoma bado kunamtesa, na siku za mnada bado haji. Ila sasa akijua jibu anainua kidole mpaka usawa wa bega. Juu zaidi ya hapo bado hajafika, na mimi simlazimishi.

Wenzangu watasema, mwalimu mwenzetu unaota, wewe una watoto wangapi? Nina zaidi ya mia moja kwenye chumba kimoja. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 kiwango hicho tunakisoma kwenye karatasi. Siilaumu elimu bila malipo hata kidogo, bila hiyo wengi wa hawa ningewakuta machungani. Lakini ni kweli, huwezi kumsikiliza kila mmoja kati ya mia. Ndiyo maana wakisemezana wawili wawili, zaidi ya hamsini wanazungumza kwa wakati mmoja, na mimi napita katikati nikitega sikio kwa wale niliowakusudia siku hiyo. Huku kwetu dawati la watatu wanakaa wanne au watano, hivyo hata kuhama hakuhitajiki.

Kuna mambo yanayosifiwa sana ambayo mimi siyaamini. Peremende, kwa mfano. Anayepata peremende ni yule yule wa mbele, wa nyuma anapata somo la pili kwamba vitamu ni vya wengine. Makofi nayo tumeyatapanya. Mtoto mwenye haya amejibu swali jepesi, mwalimu anaamuru, "Mpigieni makofi ya nguvu!", darasa linageuka kumtazama. Kesho hajibu tena, kwa sababu alichokuwa anakikimbia ni hayo macho. Mwambie "vizuri" kwa sauti ya kawaida, uendelee. Vile vijiti vya majina kwenye kopo, unachomoa na kuita, vinasaidia ikiwa watoto wamekwisha kusemezana. Ukivitumia kabla ya hapo, kila kijiti kinachochomolewa kinawarusha watu roho.

Tumbo na macho nayataja kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo. Msimu wa kupalilia pamba na siku uji wa shule unapokosa mahindi, hakuna mbinu ya kufundisha itakayofanya kazi baada ya saa nne. Na kabla ya kumwita mtoto mkaidi, mhamishe karibu na ubao wiki nzima. Wengine hawaoni, wengine sikio moja halisikii, na hakuna aliyewahi kuwapima.

Wazazi wenzangu nao nina neno nao. Mnakuja shuleni, mtoto amesimama pembeni yenu, mnasema, "Huyu mkaidi huyu, mchape tu mwalimu, mimi nibakizie mifupa." Mnacheka, mimi nacheka kwa adabu. Mtoto hacheki. Mkitaka kunisaidia, jioni mpeni akuhesabieni ng'ombe waliorudi, au chenji ya dukani, na akikosea mwacheni arudie bila kumpokonya hesabu.

Kwa wathibiti ubora, ombi langu ni jepesi. Mnapokuja, andalio la somo mlikague, azimio la kazi mlikague, zana mzikague. Halafu chukueni kalamu mweke alama kila mtoto anapozungumza peke yake, na mwisho wa kipindi mhesabu ni watoto wangapi tofauti. Mtashangaa namba zitakavyokuwa ndogo kwenye madarasa yenye kelele nyingi. Mtaala ulioboreshwa uliokuja Januari 2024 unasisitiza umahiri, yaani mtoto aweze kufanya. Mtoto asiyesikika peke yake hata mara moja kwa muhula mzima, umahiri wake tumeupimia wapi? Na vile vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) tunavyokaa walimu shuleni, tusivimalize kwa kusomeana moduli. Mwalimu mmoja aingie darasani kwa mwenzake, akae ukutani na wale wa nyuma, aone kipindi kikiwa kinatazamwa kutoka kule.

Mzee wangu, umeuliza katika barua yako, bila fimbo mtoto atamheshimu nani? Swali zuri, na najua linatoka kwa mtu aliyeipenda kazi hii. Darasa langu lina nidhamu. Nikisema "mikono chini" inashuka. Anayepigana, anayeiba kalamu ya mwenzake, anayemcheka mwenzake akikosea, huyo ananijua. La kucheka ndilo kosa ninalolikalia sana, kuliko kuchelewa. Anayecheka anasimama mbele na kujibu yeye swali gumu la siku hiyo, na wengi wao hulikosa. Baada ya hapo hakuna anayetaka kucheka.

Mwisho nina shida ya vifaa, na ninaomba uiache hii sehemu usiikate, Mhariri. Nataka kila watoto wawili wawe na kibao kidogo cha kuandikia kwa chaki. Nikiuliza wanashauriana, wanaandika, nasema "inua", na majibu yote nayaona kwa mara moja bila mtu kuitwa jina. Nimetengeneza vichache, havitoshi nusu ya darasa. Mafundi seremala wa Maswa mjini na Bariadi wanaokata plaiwudi hubaki na vipande wanavyovichoma moto. Vya ukubwa wa daftari vinatosha, kingo tutazipiga msasa wenyewe. Rangi nyeusi ya ubao mwalimu mkuu ameshakubali kuinunua. Waviache kwa wakala wa gazeti hili stendi ya Maswa, nitavifuata Jumamosi.

Jina langu unalo, Mhariri, ila naomba usilichape.

Mwalimu wa Darasa la Tatu,
Maswa, Simiyu